Risala ya mafundi wa nakshi wa Lamu kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa Balozi, mgeni wetu rasmi. Wazee wa mji, vijana mnaohitimu leo na wazazi wenu: Assalaam aleikum.

Karibu Amu, mji wetu wa Lamu. Kazi zetu umeziona karakanani asubuhi, hatutazirudia. Kwa kuwa umelitumikia taifa ughaibuni miaka mingi, tunakuletea jambo moja ulifikishe panapohusika: majengo ya balozi zetu.

Ubalozi wa kupanga hulipiwa kwa fedha za kigeni. Shilingi ikishuka, kodi imepanda, hata kama mwenye nyumba hakuongeza senti. Ndiyo maana tunafurahi tusikiapo kwamba nchi inataka kujenga. Mkataba wa Vienna wa 1961 unasaidia: nchi mwenyeji yapasa irahisishe upatikanaji wa jengo, na jengo lenyewe halitozwi kodi za serikali wala za manispaa. Fedha nazo hazitoki hazina peke yake. Marekani iliuza majengo yake mjini London ikajenga ubalozi mpya wa takriban dola bilioni 1, uliofunguliwa 2018. Denmark, Finland, Iceland, Norway na Sweden ziliungana Berlin mwaka 1999, kila moja na nyumba yake ndani ya ua mmoja, ukumbi wakitumia pamoja. Hilo la Berlin limetugusa sana. Sisi wa Afrika Mashariki, tunaoelewana kwa Kiswahili, tunashindwaje kuchangia kiwanja?

Ama kuhusu ramani ya jengo, Nairobi tulifunzwa kwa machungu. Tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wa Marekani ulikuwa kando ya barabara, katikati ya jiji. Bomu liliua zaidi ya watu 200, wengi wao Wakenya wenzetu, Mungu awarehemu. Ubalozi mpya ukajengwa Gigiri, mbali na barabara. Usalama ni lazima. Lakini kuta na nafasi tupu hazimkaribishi mtu, na hapa nyumba ya mawe ya Amu ina la kusema. Mgeni hupokewa kwenye daka, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni, akaketi barazani. Wa heshima huingizwa sabule, chumba cha wageni. Ndani hafiki, wala haoni kwamba amezuiwa. Mwombaji viza angepokewa hivyo, na siri za ofisi zikabaki ndani.

Sasa ombi letu. Kwa kawaida nakshi hukumbukwa mwisho: paa limeshaezekwa, fedha zimekwisha, basi mlango unanunuliwa dukani. Mlango wa bambakofi, mti wa mbao ngumu, hauji namna hiyo. Mbao sharti zikauke vizuri, la sivyo zitapinda zikifika nchi za baridi. Miimo ya pembeni, kizingiti na mfaa, ule ubao wa katikati ya mlango, huchongwa kwa patasi, kidogo kidogo, na vipimo vyake sharti vijulikane kabla ukuta haujasimama.

Tunaomba mlango huo uandikwe kwenye makadirio tangu siku mkadiriaji majengo anapoanza kuhesabu saruji, fungu lake lisihamishwe, na vipimo tuletewe mapema. Vijana utakaowapa vyeti leo wanaiweza kazi hiyo.

Tumekuchongea mfaa mdogo wa mfano, wenye urefu wa mkono. Tunaomba uende nao Nairobi, uwawekee wahusika mezani watakapokaa kupanga majengo hayo.

Tunaomba kuwasilisha.