Kadi yako haijaungua

Morogoro

Kwako Mwalimu Hamisi,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi wazima, na natumai wewe, shemeji na watoto hamjambo.

Picha zako za laptopu ya HP isiyopata Wi-Fi tangu uweke Debian (mfumo endeshi wa Linux, unaokaa mahali pa Windows) nimezipata. Kwanza kabisa, ile pesa uliyotenga ya kununua Wi-Fi ya kuchomeka, usiitumie. Aliyekuambia kadi ya Wi-Fi ya ndani imeungua hakuipima. Kadi iliyoungua kwa kawaida haionekani popote, na yako imejitaja yenyewe: kwenye picha ya pili, pale ulipoandika lspci -nn (amri inayoorodhesha vifaa vya ndani ya mashine), kuna mstari wenye Broadcom BCM43142 na namba 14e4:4365 kwenye mabano ya mraba. Mashine inaiona. Kinachokosekana ni draiva, yaani programu ya kuiendesha.

Hiyo namba ndiyo ya kushika, si nembo ya HP iliyo kwenye mfuniko. Sehemu ya kwanza ni mtengenezaji wa chipu: 14e4 ni Broadcom, 10ec ni Realtek, 8086 ni Intel (walijipa namba ya prosesa yao ya mwaka 1978). Sehemu ya pili ni chipu yenyewe. Laptopu mbili za modeli moja huweza kuwa na chipu tofauti, ndiyo maana ushauri wa "mimi yangu ilikubali hivi" umekuzungusha bure.

Umeuliza mbona Debian 12 inasifiwa kuwa inatambua kadi kirahisi. Sifa hizo ni za haki. Mwaka 2022 watu wa Debian walipiga kura kuruhusu fimwea zisizo huria (ambazo msimbo wake haukuwekwa wazi) ziwemo kwenye diski rasmi ya kusakinishia, na toleo la 12 likatoka nazo Juni 2023. Kadi nyingi za Intel na Realtek zilipona hapo. Lakini fimwea ni programu inayopakiwa ndani ya kadi. Yako inadai draiva nzima, iitwayo wl, ambayo Broadcom hawakuiweka wazi. Haimo kwenye kerneli (kiini cha mfumo) wala kwenye diski, ni lazima ijengwe kwenye mashine yako.

Na kuijenga kunataka intaneti. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, kumbe dawa iko mfukoni. Chomeka simu yako ya Android kwa waya unaopitisha data (ule wa kuchajia tu hautafaa), kisha kwenye mipangilio ya simu washa kushiriki intaneti kwa USB. Debian itaiona simu kama kadi ya mtandao wa waya. Ofisini kwenu kukiwa na Wi-Fi, iunge simu kwenye Wi-Fi hiyo kwanza ili bando lako lisiguswe.

Ingia kama msimamizi kwa su - kisha ufungue faili la /etc/apt/sources.list. Kwenye mistari inayoanza na deb, baada ya main ongeza maneno contrib na non-free. Lile non-free-firmware ulilolikuta humo liache palepale, hayo ni mafungu mawili tofauti. Halafu:

apt update
apt install linux-headers-amd64 broadcom-sta-dkms

Utaona maandishi mengi yakipita. Iache imalize, kisha zima na uwashe.

Wi-Fi isipotokea, tafadhali usisakinishe Debian upya. Andika mokutil --sb-state. Ikijibu "SecureBoot enabled", maana yake Secure Boot, ulinzi unaokataa programu zisizo na sahihi inayotambulika, umewashwa: draiva imejengwa ila kerneli inaikataa kwa sababu haiutambui ufunguo ulioitia sahihi. Wengi huzima Secure Boot kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) na kuendelea. Mimi napendelea kuusajili ufunguo:

mokutil --import /var/lib/dkms/mok.pub

Weka nywila ya muda, washa upya, na kwenye skrini ya buluu chagua Enroll MOK (yaani sajili ufunguo). Kaa mbele ya mashine, maana skrini hiyo husubiri sekunde chache tu, ukienda kumimina chai utaikuta imeshapita.

Sasa kuhusu zile laptopu za mtumba mnazotaka kuwanunulia wanafunzi. Naomba sana usilipe kabla hujaziwasha kwa Debian ya kwenye flashi, palepale dukani, na kuandika lspci -nn. Kadi isipoonekana kabisa, jaribu swichi ya hali ya ndege na uangalie BIOS kama imezimwa humo. Ukikuta 14e4:4365 nyingine, omba wapunguze bei au chagua mashine nyingine. Draiva ya wl haijapata toleo jipya kutoka Broadcom tangu 2015; wanaoifanya ikubaliane na kerneli mpya ni watu wa Debian na wenzao, na sitaki darasa zima likose mtandao siku wakichelewa. Chipu za Atheros zinazotumia draiva ya ath9k ni za zamani, lakini hazihitaji hata fimwea. Ukizipata, chukua.

Nitumie picha ya jibu la mokutil hata kama Wi-Fi itakuwa imekubali, nataka kujua wanafunzi wataanza na mashine iliyokaa sawa. Nisalimie shemeji.

Ndugu yako,
Selemani