Tusiusubiri umeme wa kuunganisha viini

Mhariri,

Tangu uanze mjadala wa mtambo wa nyuklia uliopangwa kujengwa Uyombo, kaunti ya Kilifi, hapa Malindi wako wanaosema tukatae mtambo wa kupasua viini vya atomu za urani, tungoje ule wa kuunganisha viini vya haidrojeni, maana fueli yake imejaa baharini. Kuupinga mradi wa Uyombo ni haki ya kila mkazi. Kungoja huko ndiko tunakokupinga.

Mtambo wa kimataifa unaotajwa, ITER, unajengwa Cadarache, kusini mwa Ufaransa, chini ya mkataba uliotiwa saini mwaka 2006 na Umoja wa Ulaya, China, India, Japani, Korea Kusini, Urusi na Marekani. Ni mtambo wa utafiti, hautaingiza umeme wowote kwenye gridi. Lengo ni kuipasha plazma, yaani gesi ya joto kali mno ambamo viini huungana, kwa megawati 50 na kupata megawati 500 kwa dakika kadhaa. Hizo 500 ni joto, na umeme unaoliwa na pampu na mashine za ubaridi haumo katika hesabu hiyo.

Ubaridi ndio uliowatesa mafundi. Plazma inatakiwa ifike nyuzi milioni 150, na mita chache tu kutoka hapo sumaku zinazoishikilia plazma hiyo zikae nyuzi 269 chini ya sifuri. Katikati huwekwa ngao ya kuzuia joto, yenye mabomba ya kupoza ya kilomita 23 hivi. Mwaka 2022 ilitangazwa kuwa mabomba hayo yamekutwa na nyufa: mabaki ya klorini yalinasa karibu na sehemu zilizolehemiwa, yakala chuma kilichokuwa tayari kimekazika. Ni klorini ileile iliyomo katika chumvi ya bahari. Mwaka huohuo ilitangazwa pia kuwa vipande vya chombo kikuu cha kuwekea plazma, kila kimoja tani 440, kingo zake hazikutoka kwa vipimo vilivyotakiwa, hivyo mashine za kulehemu zisingeweza kuviunga sawasawa. Kipande kilichokwisha kushushwa shimoni kikabidi kitolewe.

Ratiba ya 2024 inasema utafiti uanze 2034, na fueli kamili itumike 2039.

Na fueli hiyo? Ni aina mbili za haidrojeni, deuteriamu na tritiamu. Deuteriamu kweli ipo, gramu 33 hivi katika kila mita moja ya ujazo ya maji ya bahari. Mwenzake, tritiamu, hapatikani baharini kwa kiasi cha kutumika. Nusu yake huoza kila baada ya miaka 12 na kidogo, kwa hiyo haihifadhiki kwa muda mrefu, na iliyopo duniani ni makumi machache tu ya kilo, yanayotoka zaidi kwenye mitambo ya nyuklia inayotumia maji mazito (maji yenye deuteriamu). Mtambo wa kibiashara utalazimika kujitengenezea wake kutoka kwa lithiamu, na hilo ITER italifanyia majaribio tu.

Utafiti huu tunauunga mkono kwa moyo wote, na tungependa vijana wa Pwani wausomee. Ila mpango wa umeme wa Kilifi na Lamu wa miaka 20 ijayo uandikwe kwa vilivyopo: jua, kama pale Langobaya, upepo na nyaya imara. Atakayetuahidi umeme wa kuunganisha viini aulizwe tritiamu ataitoa wapi, na pampu zote zikishakula sehemu yake, zitabaki megawati ngapi za kuuza.

Walimu wa fizikia,
Malindi