Binti yangu anapiga hodi kwangu

Anti, shikamoo. Na wasomaji wenzangu, salamu.

Nina miaka 39, fundi friji, naishi Kigamboni kwenye chumba na sebule. Mimi na mama watoto tuliachana mwaka jana. Baraza la kata lilishindwa kutupatanisha, tukaenda Mahakama ya Mwanzo, yakaisha. Hayo sitaki kuyafukua. Watoto wako kwa mama yao Tabata, wa kike miaka 11, wa kiume 6. Kwangu wanakuja Ijumaa jioni wanarudi Jumapili, kila baada ya wiki mbili.

Dogo hana neno. Yeye anachokifuata ni pantoni. Akishapanda pale Kivukoni anashika vyuma, anahesabu ngalawa mpaka tunashuka. Baba ni nyongeza tu.

Shida ni dada yake. Mwezi uliopita nilimtuma chumvi dukani kwa Mangi. Akarudi, mlango uko wazi, mimi naonekana kabisa nimeinamia jiko, akasimama kizingitini: "Hodi." Nikajibu kwa mazoea tu, "Karibu." Neno likanibaki mdomoni. Mwanangu wa kumzaa namkaribisha?

Tangu siku hiyo nayaona na mengine. Maji ya kunywa anaomba. Nilimnunulia kabati la plastiki la droo, mbili za juu zake. Mpaka leo ndani mna karatasi za dukani. Nguo anatoa moja kwenye begi, akivua anaikunja, anairudisha, anafunga zipu. Akimaliza kula anasema "ahsante baba, nimeshiba" kama mtu wa kualikwa.

Kosa nadhani ni langu. Mwanzoni niliogopa wasije wakapachoka kwangu, basi kila wakija ni chipsi kuku, ufukweni, na simu yangu wachezee watakavyo. Hata ufagio sikuwahi kuwashikisha. Mama mmoja jirani, mtu wa Tanga, akaniambia huku anapepeta mchele: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sasa wako wanaondoka siku ya pili, jembe watalishika lini?" Nilicheka pale, ila usiku usingizi haukuja.

Basi safari iliyopita nikampa mbuzi na nazi. Akakaa, akakuna kimya kimya, mara akainua uso: "Baba, mama hataki nifike kwenye gamba. Wewe nikune mpaka wapi?" Anti, hilo ndilo swali la kwanza kuniuliza humu ndani ambalo halikuwa la kuomba ruhusa. Dogo nikampa vijiko aoshe, akamwaga maji sebule nzima, tukadeki wote watatu.

Jumapili usiku simu ikaita. Mama yao: "Wanangu wamekuja kukuona au umepata hausigeli?" Nilikosa la kusema. Na sijui binti alilisimulia vipi, kwa kulalamika au kwa kujisifu.

Dada yangu anasema yeye awe anakuja kulala siku hizo, maana binti wa miaka 11 ana mambo ya kumwambia mwanamke. Kwa hilo namwelewa, sasa hivi wanalala chumbani mimi sebuleni, na nasaka vyumba viwili, ila mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi. Lakini shangazi akija si ndiyo nitakuwa mgeni wa pili humu?

Wenzangu kazini wao wananitia maneno ya sheria: dogo akifika miaka 7 rudi mahakamani, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inachukulia kwamba chini ya umri huo mtoto anafaa akae na mama. Ndiyo, lakini akishaivuka haina maana baba anakabidhiwa. Mtoto si friji, uihamishe kwa kuwa waranti imeisha. Mahakama inatazama kwanza maslahi ya mtoto, na anayeweza kujieleza anasikilizwa. Kusema kweli, naogopa binti yangu akiulizwa atajibu nini.

Naomba ushauri, hasa wa waliolelewa nyumba mbili. Niendelee na mbuzi na ufagio, au nizungumze na mama yao kwanza? Kabati nilitaje, au ninyamaze mpaka alifungue mwenyewe? Ijumaa hii wanakuja. Akisimama mlangoni akasema hodi, nimjibu nini?

Baba wa wawili,
Kigamboni