Mlalamikaji naye apewe mtu wa kukaa naye

Mhariri,

Kwa miaka 14 nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi katika hoteli za ufuo wa Diani. Nimekaa kwenye vikao vya nidhamu vya wizi, vya ulevi, vya kuchelewa zamu, na vingi nimevisahau. Viwili sijavisahau, na vyote viwili vilihusu malalamiko ya unyanyasaji wa kingono.

Cha kwanza kilimhusu dada mmoja wa usafi wa vyumba. Alilalamika kwamba msimamizi wake humfuata ndani ya vyumba vya wageni, hurudisha mlango na kumwambia kuwa mkataba wake wa msimu hautaongezwa mpaka "awe mwelewa". Meneja aliitisha kikao siku hiyo hiyo. Akawaketisha wote wawili kwenye meza moja, uso kwa uso, akamwambia dada: "Haya, yaseme mbele yake." Mimi nilikuwa nimekaa kando ya msimamizi. Ilikuwa haki yake. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema mfanyakazi anayekabiliwa na kufutwa kwa utovu wa nidhamu aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa, asikilizwe, na awe na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama amtakaye. Dada hakuwa na mtu. Alisema maneno mawili matatu huku akiangalia mikono yake, akaomba kwenda msalani, na hakurudi tena kazini. Kumbukumbu za kikao zikaandikwa kwamba mlalamikaji ameshindwa kuthibitisha madai yake. Nilitia sahihi karatasi ile, na sikupaswa.

Cha pili hakikuwa hata kikao. Mfanyakazi mmoja wa kike alishikwashikwa ndani ya basi la wafanyakazi usiku, taa zikiwa zimezimwa. Akamtaja kijana wa jikoni. Kabla kijana hajaulizwa neno, picha yake ilikuwa imeshazungushwa kwenye makundi ya WhatsApp ikiwa na maneno ambayo siwezi kuyaandika gazetini. Kesho yake alizuiwa langoni. Wiki tatu baadaye, tulipolifungua daftari la zamu na lile la walinzi, tulikuta usiku ule alikuwa bado jikoni akifunga hesabu ya stoo, na aliondoka na basi la mwisho. Yule dada alishikwa kweli, ila hakushikwa na yeye. Na aliyemshika aliendelea kupanda basi lile lile pamoja naye kwa wiki zote hizo tatu.

Nikisimulia kisa hiki cha pili, hakosi mtu wa kusema wanawake wanaosingizia wafungwe. Kenya tulishakuwa na sheria ya aina hiyo. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 ilipopitishwa ilikuwa na kifungu cha 38, kilichosema anayetoa tuhuma za uongo apate adhabu sawa na ya kosa alilomtuhumu mwenzake. Adhabu ya ubakaji haipungui miaka 10. Mfikirie msichana aliye kwenye meza ya polisi, hana shahidi, na anajua kesi ikilegea huenda yeye ndiye atakayekaa kizimbani. Bunge lilikifuta kifungu hicho mwaka 2012, na lilifanya jambo la haki. Anayempa afisa wa serikali habari za uongo huku akijua ni za uongo bado anaweza kushtakiwa chini ya kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu. Yule dada wa basi hakudanganya. Alikosea mtu, gizani, akiwa na hofu. Laiti kungekuwa na mtu wa kukaa naye usiku ule ule, amuulize kwa upole ni basi lipi, saa ngapi, alikuwa kiti gani, na ayaandike majibu yake, kosa lile lingejulikana kabla ya asubuhi.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoizungumzia haki ya mlalamikaji na haki ya mtuhumiwa kana kwamba ni mizani, upande mmoja ukiongezewa mwingine unapungukiwa. Wote wawili, yule wa vyumba na yule wa jikoni, waliangushwa na kitu kimoja. Hakuna aliyemsikiliza mlalamikaji kwa utulivu na kuandika alichosema.

Nasikia pia hoja kwamba bila shahidi wa pili hakuna kesi. Si kweli. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinairuhusu mahakama kutia hatiani katika kosa la ngono kwa ushahidi wa mlalamikaji peke yake, mradi iridhike kwamba anasema kweli na iandike sababu za kuridhika kwake. Hayo maneno ya kuandika sababu ndiyo ningependa mameneja wetu wayashike. Atakayemwamini mlalamikaji aandike kwa nini. Atakayemkataa naye aandike kwa nini.

Sheria ya Ajira, kifungu cha 6, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atoe sera ya unyanyasaji wa kingono baada ya kushauriana na wafanyakazi au wawakilishi wao. Sera hiyo ieleze malalamiko yanapelekwaje, na iahidi kwamba jina la mlalamikaji halitatolewa isipokuwa pale uchunguzi au hatua za nidhamu zinapolazimu. Katika hoteli nilizopitia, sera niliiona imebandikwa ukutani ofisini, kwa Kiingereza. Wahudumu wa vyumba na vibarua wa bustani hawakuwahi kusomewa. Na kuna pengo ambalo sheria yenyewe haikuliziba: kifungu cha 41 kinampa mtuhumiwa mtu wa kukaa naye, lakini kifungu cha 6 hakimpi mlalamikaji mtu yeyote.

Hatuna haja ya kungoja Bunge. Chama chetu na waajiri wa hoteli watakapokaa tena kujadili mkataba wa pamoja, naomba wajumbe wetu wadai mambo machache. Mlalamikaji aandikishe maelezo yake ndani ya siku moja, katika chumba asichokuwamo anayelalamikiwa, na maelezo hayo mtuhumiwa apewe ayajibu kwa maandishi. Daftari la zamu na la lango yachukuliwe siku hiyo hiyo. Wawili hao watenganishwe zamu bila yeyote kukatwa mshahara. Anayesambaza jina au picha ya yeyote kati yao achukuliwe hatua. Na anayelalamika, sawa na anayelalamikiwa, aingie kikaoni na mfanyakazi mwenzake amtakaye.

Mwakilishi wa zamani wa wafanyakazi,
Ukunda, Kwale