Mheshimiwa Waziri, Asilimia Kumi Yangu Niachie Niamue

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya kazi na ajira,

Shikamoo Mheshimiwa. Nakuandikia kutoka Igoma, Mwanza. Nakata minofu ya sangara kiwandani, tangu saa kumi na mbili asubuhi nimesimama juu ya sakafu yenye maji ya barafu, buti miguuni, kisu mkononi. Samaki wakiadimika ziwani, tunaambiwa turudi nyumbani tusubiri kupigiwa simu.

Sheria inataka asilimia 20 ya mshahara wangu iende NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii: mwajiri atoe nusu, mimi nikatwe nusu. Siipingi hifadhi ya jamii. Binti ninayekata naye meza moja alilipwa fao la uzazi, na nilimwona alivyonunua nguo za mtoto bila kukopa kwa mtu.

Lakini pensheni ya kila mwezi inadai michango ya miezi 180. Mimi nina umri wa miaka 47. Kwa miaka tisa ya mikataba ya miezi mitatu, miezi sita, kisha kukaa bure, nimechangia miezi 61. Nimepiga hesabu hiyo usiku, kwa kalamu, nikairudia. Kwa mwendo huu nitafikisha 180 nikiwa nimepita miaka 64, na umri wa kustaafu kwa lazima ni 60. Pensheni hiyo mimi nailipia tu, sitaiona.

Wakati huohuo, kule Igombe, jirani yangu aliacha kiwanda akanunua dagaa wabichi kwa akiba ya kikoba. Anawaanika, anawauza soko la Mwaloni, watoto wanasoma. Mtaji alioanza nao ni mdogo kuliko makato yangu ya mwaka mmoja. Hilo linaniuma, nisifiche.

Ombi langu ni hili. Mfanyakazi mwenye mkataba usiozidi mwaka mmoja aruhusiwe, kwa hiari na kwa maandishi, kujitoa kwa ile asilimia 10 yake. Ya mwajiri ibaki Mfukoni mpaka uzee, isiguswe. Kabla ya kusaini aelezwe kwa Kiswahili chepesi anachopoteza, na akitaka kurudi, arudi. Uingereza, tangu 2012, mfanyakazi huandikishwa moja kwa moja kwenye pensheni ya kazini, lakini akijitoa ndani ya mwezi mmoja anarudishiwa alichokatwa. Mzee wa kule bado ana pensheni ya serikali, najua, ndiyo maana sijaomba tujitoe kwa yote.

Mwaka 2012 sheria ilipofuta fao la kujitoa, yaani mtu kuchukua michango yake akiacha kazi kabla ya umri wa kustaafu, wachimbaji wa migodi ya huku Kanda ya Ziwa walipaza sauti. Desemba 2018 kikokotoo kipya cha kupigia hesabu za pensheni kilisitishwa baada ya wafanyakazi kulalamika. Serikali ikisikilizishwa inasikia.

Mkataba wangu unaisha mwezi wa tatu. Nikiitwa tena, ningependa fomu hiyo ya kujitoa iwe mezani pamoja na mkataba.

Wako mtiifu,
Mkata minofu, Igoma