YAH: MALALAMIKO KUHUSU MTAMBO WA BIOGESI MLIONIFUNGIA NJOMBE

Ndugu Meneja,

Novemba mwaka jana mafundi wenu walinifungia mtambo wa mfuko, ule ambao samadi na maji huchacha ndani yake na kutoa gesi ya kupikia. Nina ng'ombe wanne wa maziwa, wote wa bandani. Hadi Machi sikuwa na neno: moto wa bluu, maharage yanaiva, kuni nikaacha kununua.

Baridi ilipoanza Mei gesi ikapungua. Sasa ni Julai, na nikiwasha asubuhi naambulia chai ya watu wawili tu, kisha moto unarukaruka na kuzimika. Nimerudi kwenye mafiga. Jiko lenu limebaki pambo, ilhali marejesho ya mkopo yanakatwa kila mwezi kwenye hela yangu ya maziwa.

Nilipopiga simu, kijana wenu alisema ng'ombe wangu hawali vizuri (hajawahi kuwaona), niongeze samadi. Nikaongeza: ndoo sita za lita 10 zikawa tisa, na maji vivyo hivyo. Hapo ndipo mliponiharibia kabisa. Mfuko unabeba lita 4,500 za tope. Nikiweka lita 120 kwa siku, samadi inakaa humo siku 37 hivi. Nikiweka 180, inasukumwa nje baada ya siku 25. Na kwenye baridi bakteria wanaoichachusha samadi hadi itoe gesi huchelewa, wanahitaji siku nyingi zaidi, si chache. Tope lililotoka Januari halikuwa na harufu, nililimwagia majani ya tembo yakastawi. La sasa linanuka zizi, nzi wamelivamia. Haya nilielezwa na afisa mifugo wetu akiwa amesimama tu mlangoni, hata kiti hajakaa.

Shimo mlilochimba linanifika magotini, na mfuko uko wazi, hauna hata paa la nailoni la kuukinga na baridi. Fundi alikuja kipindi cha joto, hakuuliza Julai Njombe kukoje. Bomba nalo limebonyea katikati. Nilipofungua kiungio yalitoka maji kama nusu kikombe, moto ukatulia siku mbili. Mtego wa maji, wa kuyanasa yasizibe bomba, hamkuweka.

Naomba mje kabla ya tarehe 31, mchimbe shimo upya, mfunike mfuko na kuweka mtego huo. Mkishindwa, chukueni mfuko wenu mnirudishie fedha nilizokwisha lipa. Nitajenga mtambo wa kuba ya matofali ardhini kama wa jirani yangu, ambako leo asubuhi nimekwenda kuomba moto.

Mteja wenu,
Mama mfugaji, Njombe