Perege wa Ziwa Rutamba walindwe kabla hawajamezwa na sato

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie Ziwa Rutamba, lililoko kilomita zipatazo 40 magharibi ya mji wa Lindi, ambako wakati wa likizo ya Juni niliwapeleka wanangu kumsalimia mjomba wangu. Kila alfajiri tulishuka ufukweni ukungu ukiwa bado umelala juu ya maji, na hatukusikia kitu isipokuwa kafi la mvuvi aliyekuwa akirejea kutoka kutegua nyavu zake kwenye mayungiyungi. Utulivu ule sijauona kwingine katika mkoa wetu.

Kilichonifanya nishike kalamu kilikuwa ndani ya tenga la mvuvi huyo. Alipanga samaki watatu juu ya jani la mgomba, akamweleza mwanangu kwamba wa kwanza ni perege wa ziwa hili, wa pili ni sato, na wa tatu si huyu wala si yule. Watafiti waliochunguza vinasaba vya samaki wa Rutamba na wa maziwa jirani ya Nambawala na Mitupa wamethibitisha jambo hilo hilo. Perege wetu wa asili ni wa spishi iliyoelezwa kitaalamu mwaka 1955 kwa jina la Korogwe, lakini kwa kuwa anaishi mamia ya kilomita kusini ya ndugu zake wa bonde la Pangani, amekuwa na vinasaba vyake mwenyewe, naye sasa anachanganyika na samaki walioletwa kutoka nje, akiwamo sato.

Simlaumu mfugaji anayempenda sato, kwani samaki huyo hukua upesi na kulisha familia. Tatizo ni kwamba samaki hawa wa jamii moja huzaana kwa urahisi: dume huchimba kiota chini ya maji ya kina kifupi, jike huyachukua mayai na kuyaatamia mdomoni, na vifaranga machotara wakishatawanyika ziwani hakuna wavu unaoweza kuwachambua. Bwawa la kufugia likichimbwa bondeni, mvua moja kubwa ya masika yatosha kuwafikisha ziwani.

Kwa hiyo naziomba mamlaka za uvuvi zisitishe kabisa upandikizaji wa vifaranga vya sato katika maziwa haya madogo, na mabwawa yachimbwe mbali na mito inayoingia humo. Naomba pia wataalamu wajaribu kuzalisha perege wa asili kwa ajili ya wafugaji wa Lindi, wakianza na maziwa ambayo uchanganyikaji bado ni mdogo. Mwaka 1934 Mjerumani Schlieben alikusanya mimea kando ya ziwa hili, akiliandika Lutamba, na hadi leo wataalamu wa mimea huirejea kazi yake. Samaki waliomo majini nao wanastahili kuangaliwa kwa makini namna hiyo.

Mvuvi yule huwatofautisha samaki wote watatu kwa rangi ya mapezi na umbo la kichwa, hata kabla ya jua kuchomoza. Kazi ya kuwahesabu na ianzie kwenye mtumbwi wake, naye alipwe kwa ujuzi huo.

Msomaji wako,
Lindi